Upande Unaoshuka

…iko sawa, eti iko sawa, kwani kuna kisichokuwa sawa hapo, bolti nne zimekazwa mpaka benchi limelia, meza ndogo ya mashine ya msasa imesogezwa karibu na diski inayozunguka, mwanya uliobaki ni mwembamba kiasi kwamba karatasi ya msasa inapita kwa kujibana na kidole hakipiti, pembe imepimwa kwa skwea na ikapimwa tena, si ndiyo maana anaitwa Kipimo, jina alilopachikwa na baba yake tangu ana meno ya utoto kwa sababu hakubali kitu mpaka akipime mara mbili, msasa umekaguliwa hauna mpasuko wala ukingo ulioinuka, mfuko wa vumbi umekung'utwa nje, mashine iko sawa kuliko siku ilipotoka dukani, asiyekuwa sawa ni huyo mzee, baba mwenyewe, aliyesimama mbele ya mashine na miwani ya kinga puani na barakoa chini ya kidevu, mkono wa kulia umeshika kipande cha mti na kukiegemeza juu ya meza ndogo, tayari, anangoja, na amekiegemeza upande wa kulia wa diski, kulia, Mola wangu, upande ule ule aliomkataza Kipimo, binti yake, maisha yote. "Iko sawa, Kipimo?" ameuliza, na Kipimo amechutama ukutani na plagi mkononi, tundu za soketi ziko mbele ya pua yake, kazi iliyobaki ni ya kusukuma tu, hata mtoto anaiweza… kushoto ndiko diski inakoshuka, hilo alilijua kabla ya kujua kusoma, ukiwa umesimama mbele yake nusu ya kushoto inashuka na kuukandamiza mti juu ya meza, nusu ya kulia inapanda na kuunyanyua, "kushoto mashine inakusaidia kushika, kulia inakunyang'anya," baba aliyasema hayo kwa kila aliyeingia mlangoni, hata kwa mtu aliyekuja kuuliza njia, na ikishakunyang'anya mti unakurukia usoni na vidole vilivyokuwa vimeuegemea vinaangukia msasa, ambao hauna jino wala makali, ndiyo maana watu wanaudharau, wanaogopa msumeno kwa sababu meno yake yanaonekana, kumbe msasa unakula kimya kimya, ngozi, kisha kucha, kisha mfupa, na maji yakimwagika hayazoleki.

Na mama huko dirishani, "Mmewasha? Mbona sisikii kitu?" sauti yake nyepesi mno, sauti ya mtu anayejifanya anaosha vyombo, sufuria ile ile inasuguliwa tangu walipoingia karakana, itatoboka… mama ndiye aliyemvuta pembeni asubuhi, pete ya ndoa ya mzee tayari iko mfukoni mwa aproni yake, maana pete haiingii karakana, huivua yeye mwenyewe kidoleni mwa mumewe kama anavyofanya miaka yote, wakati mwingine kwa sabuni, wakati mwingine kwa matusi, akamwambia, usimkatalie, mimi nimemkatalia kuoga peke yake, nimemkatalia ngazi, nimemkatalia jiko, nimechoka kuwa polisi ndani ya nyumba yangu, ukimkatalia na mashine basi tumlaze kabisa tumfunike, halafu huyo huyo mama hajatoka dirishani. Na kaka naye kwa simu, iuze, dada, iuze leo, mashine haina kazi na mzee haoni, kaka anazungumza kwa urahisi, yuko mbali, na ni yeye yule aliyewahi kusugua kichwa cha msumari kwenye diski ya kusugulia mbao, cheche zikaingia kwenye mfuko wa vumbi, mfuko ukaanza kufuka moshi katikati ya mchana na baba akautupa nje kwa teke, leo ndiye mtaalamu wa usalama. Lakini mzee anaona, hapo ndipo wote wanapokosea, macho yake mazima, daktari aliwaeleza taratibu kama anayewaeleza watoto, kiharusi hakikugusa macho, kimegusa pale ndani panapouliza habari za upande wa kushoto, si kwamba haoni kushoto, ni kwamba hakumbuki kuwa kuna kushoto, na kweli, wiki ya kwanza nyumbani alikuja mezani amenyoa shavu la kulia tu, amejipulizia na manukato, bwana harusi wa nusu uso, akala nusu ya chakula, nusu ya kulia, akasukuma sahani akamwambia mkewe, umekuwa mchoyo siku hizi, mama akaizungusha sahani na mzee akashangaa, kumbe kuna kingine, wakacheka, walicheka sana siku ile, kisha mama akaenda kulia bafuni na maji ameyafungua. Muuguzi ndiye aliyewafundisha uzi mwekundu, uweke ukingo wa kushoto wa sahani, mwambie ageuze kichwa mpaka auone, asipouona hajamaliza kula, na mzee ameufuata kwa utiifu usio wake, yeye aliyekuwa hashauriki, anageuza kichwa pole pole, anautafuta, akiupata anaugusa kwa kidole, nimekuona wewe… na leo ameamka na kusema anataka kumalizia mkono wa bakora yake, kwa sababu daktari amesema atembee na bakora, wakamnunulia moja nzuri, akaitazama juu mpaka chini akasema sitembelei mti wa fundi mwingine, akachonga yake, kwa mkono mmoja na nusu, taratibu, si ndilo jina lake huko nje, Fundi Taratibu, wateja walimpa kwa hasira kisha likageuka sifa, imebaki kuviringisha ncha tu, kazi ndogo, lakini mti wenyewe ni mfupi, vidole viko karibu mno na msasa, mti mfupi haushikwi kwa vidole, baba, unabanwa kwenye kibanio, hilo nalo ni lako, umelisahau pia, au limebaki huko huko kushoto.

Akisukuma plagi, mzee atabonyeza swichi, atangoja mlio ukue mpaka utulie kama anavyongoja siku zote, diski isiguswe kabla haijafika mwendo wake, kisha atausogeza mti, na huo mti utaruka… asiposukuma, aseme nini, aseme umeme umekatika, na redio inaimba kule ndani, aseme baba, umeweka upande usio wake, na yeye atatazama kwa uaminifu kabisa na kuona upande mmoja tu, diski nzima kwake ni hiyo nusu, sasa utamwambia mtu ahame kutoka mahali pekee palipo duniani, aende wapi, na akishaambiwa hivyo na binti yake, katika karakana yake, atatoa miwani, ataitundika msumarini, hatabisha, hilo ndilo linalomtisha Kipimo, kwamba hatabisha, mzee asiyewahi kukubali hata kona ya kabati aliyoambiwa haiko sawa atasema haya mwanangu, ataketi kwenye kiti cha uani akitazama kulia mpaka siku yake ifike. Anamwonea hasira, ndiyo, kwa nini asiseme mwenyewe, kwa nini amtwishe, anamwogopea, na anampenda, haya ndiyo mambo yenyewe, anampenda na mikono yake, makucha yale mapana yenye gundi ya zamani, hawezi kufikiria kidole hata kimoja kimepungua… plagi imeshaanza kuloa jasho, si vizuri, mkono wenye maji na umeme havipatani, anaihamishia mkono mwingine, anaufuta kiganja kwenye suruali, na hapo, akiitazama hiyo plagi nyeusi yenye ufa uliofungwa tepu, linamjia jambo la kijinga kabisa, kwamba hii plagi si yake. Hakuwahi kuishika. Miaka yote hiyo ya kukaza bolti na kubandua misasa iliyochakaa hakuwahi kuishika baba akiwa mashineni, kwa sababu mwenye vidole ndiye mwenye plagi, hiyo ndiyo sheria ya karakana na haina mjadala, anayekwenda kuegemeza mti kwenye diski anaichomoa, anaitia mfukoni mwake, mashine inafungwa, kisha anaichomeka mwenyewe, kulikuwa na mteja mmoja, mwalimu mwenye haraka zake, alimwona baba anabadilisha msasa, plagi imemponyoka mfukoni, akaona amsaidie, akaichomeka, swichi ilikuwa imezimwa na hakikutokea kitu, lakini baba aliichomoa, akavitazama vidole vyake kimoja kimoja kama anaviaga, akambebea yule mwalimu kiti chake ambacho hakijaisha mpaka barabarani, miguu mitatu ikiwa laini na mmoja bado una magome, akamwambia, kakikalie hivyo hivyo.

Sasa imefikaje kiganjani mwake… si alikuwa amejiinamia anapima pembe, mzee amesimama nyuma yake, waya unaning'inia mfukoni mwake kama kawaida, akamaliza, akainuka, akasema tayari baba, na mzee akaitoa mfukoni, akauchukua mkono wake, akaufungua, akaiweka, akavikunja vidole vyake juu yake kimoja baada ya kingine, na alifanya hivyo kwa mkono wa kushoto, ule mzito, ule anaousahau mezani kama mwavuli, aliutafuta, aligeuza kichwa mpaka akauona, Kipimo aliliona hilo na akalipita, alidhani soketi iko kushoto na mzee haipati, akamhurumia, akaichukua upesi ili asimwaibishe, wa kuhurumiwa ni nani, masikini wa akili ni yeye. Na kuuliza… "Iko sawa, Kipimo?" tangu lini baba anauliza, baba husema iko sawa, anasema na kuwasha, na ulikuwa msemo wake, usimwulize mtu kama mashine iko sawa, ukiona unauliza ujue hujamaliza kuifunga, alimwambia hivyo siku alipomwachia awashe peke yake mara ya kwanza, naye akauliza, na baba akakataa kujibu, akamwacha azunguke mashine yote mpaka alipoikuta nati iliyolegea. Basi mzee anauliza kwa sababu anajua. Haoni, la, hawezi kuona nusu ambayo haipo kwake, lakini anajua kuwa kuna nusu, kama anavyojua kuna chakula kabla ya kuuona uzi, amejua tangu asubuhi, amejua wakati anavuliwa pete, akazunguka alipoweza kuzunguka, hakuikuta nati, akaileta plagi. Hakuomba aruhusiwe, wala hakuomba azuiwe, mama na kaka na Kipimo mwenyewe wamekaa wanavutana kati ya ndiyo na hapana kana kwamba hakuna neno jingine katika lugha hii, na mzee wa watu ameleta kazi ambayo haijaisha kwa fundi mwenzake. Mwenye vidole ndiye mwenye plagi, na vidole vya baba viko hapa, kiganjani mwake, vyote kumi… kipande cha ubao, kile cha mninga kilichobaki kwenye kabati, kikikatwa kwa urefu wa nusu ya meza na kubanwa kulia kwa kibanio kitaifunika nusu inayopanda yote, atakayetaka kuweka mti huko atagonga ukuta, na uzi mwekundu, mama anao kidonge kizima, ubandikwe kwa tepu ukingoni mwa meza kushoto, mpaka auone na auguse, na bakora ibanwe, isishikwe kwa vidole, na yeye asimame kushoto kwake, si nyuma, kushoto pale pale ambapo hakuna mtu, awe sauti, inawezekana, itachukua asubuhi yote na inawezekana, na ikionekana haiwezekani watajua wote wawili, mashine hufungwa upya kwa kila mti unaoletwa, si alifundishwa hivyo, hakuna aliyesema haifungwi upya kwa kila fundi.

"Hamjawasha tu?" mama dirishani, na sufuria imenyamaza. Mzee hajageuka, mti uko pale pale alipouweka, kulia, upande unaopanda, mkono umetulia juu yake. "Kipimo," anasema, polepole, "nakuuliza wewe. Iko sawa?" Kipimo anainuka, magoti yanalia, anaitia plagi mfukoni mwake na kuusukuma waya chini kwa dole gumba kama alivyomwona akifanya maisha yake yote.

"Bado, baba."

Mabega ya mzee yanashuka. Anavuta pumzi ndefu, anaishusha, na kichwa chake kinaanza kugeuka kushoto, taratibu, kinatafuta.

"Enhee," anasema. "Wapi?"