Mstari wa Saa Moja Asubuhi

Kwa miaka kumi na tisa Clifford Entwistle alibeba umeme wa nyumba yake mfukoni. Ulikaa ndani ya ufunguo mdogo wa plastiki. Kila Jumatatu aliupeleka dukani kwa Nasreen, mwisho wa mtaa wao pale Burnley, kaskazini mwa Uingereza, akatoa noti, Nasreen akauchomeka kwenye mashine yake, naye akarudi nao nyumbani kuuchomeka kwenye mita iliyokuwa katika kabati chini ya ngazi. Noti ikiwepo, taa iliwaka. Isipokuwepo, alipanda kitandani na koti lake, akavuta kofia ya sufu mpaka masikioni, akaingoja Jumatatu. Hakuna aliyejua, na hilo ndilo alilolipenda.

Binti yake, Janine, aliishi Plymouth, kusini kabisa, akiwaogesha na kuwalisha wazee wa watu kwa mshahara. Alipiga simu kila Jumapili, na tangu Septemba alikuwa na wimbo mmoja tu.

"Baba, kampuni ya umeme imekuandikia mara tatu. Chagua. Ubaki na huo ufunguo wako, au wakufungie mita janja."

"Ufunguo haujawahi kuniuliza maswali."

"Na theluji ikianguka utaenda dukani kwa mguu upi? Huo ulioteguka mwaka jana? Ukiwa na mita janja nakuongezea umeme kwa simu nikiwa hukuhuku. Wewe kazi yako kunywa chai."

"Na wewe kazi yako kunichungulia."

"Nitaona umeme uliotumia, Baba. Sitakuona ukivua suruali."

Clifford alicheka, na kwa kuwa alicheka alikuwa ameshashindwa.

Fundi alikuja Oktoba akafunga mita mpya. Wiki haikuisha Janine akapiga simu siku ya Jumanne, ambayo haikuwa siku yake.

"Mbona mstari wa umeme wako umelala? Naangalia hapa kwenye simu, tangu juzi haujapanda hata kidogo. Huwashi hita? Unapika nini?"

"Nimekula mkate na jibini."

"Siku mbili? Baba, naongeza umeme uutumie, sio uutunze kama urithi. Nikiuona mstari umelala hivi tena, nafunga mizigo nahamia kwako. Sitanii."

Alijua hatanii. Tena kila walipozungumza kwa simu alimsikia Janine akipuliza vidole vyake. Nyumba ya Janine nayo ilikuwa baridi. Joto alilomtumia babake alilitoa kwenye chumba chake mwenyewe, na Clifford hakuwa tayari kuota moto wa namna hiyo.

Miaka thelathini alikuwa fundi wa mashine za kufumia kitambaa. Kifaa kinachojiwasha chenyewe hakikuwa ajabu kwake. Alinunua sokoni plagi yenye saa, akaichomeka jikoni, na kwenye plagi hiyo akachomeka hita. Ikawa inawaka saa moja asubuhi kwa nusu saa, na saa kumi na mbili jioni kwa nusu saa tena. Yeye mwenyewe alibaki ghorofani, ndani ya mablanketi, mpaka saa tatu. Alijiambia kwamba inazuia bomba la jikoni lisigande, kwa hiyo si uongo hasa.

"Safi, Baba," Janine alisema Jumapili. "Saa moja kamili mstari umesimama. Unaamka kama jogoo!"

"Mazoea ya kiwandani," Clifford alisema.

Ijumaa moja ya Januari, saa tatu asubuhi, akishuka ngazi, alikosa kukanyaga kipandio cha nne kutoka chini. Alianguka kwa ubavu na nyonga yake ikavunjika. Aliusikia mlio wake. Simu ilikuwa sebuleni, nyuma ya mlango uliofungwa. Alijaribu kujivuta kuufikia, akazimia. Alipozinduka aligonga ukuta wa jirani, ingawa alijua kule hakukaa mtu tangu Doreen Halstead apelekwe hospitali na asirudi. Aliita mpaka sauti ikakauka. Giza liliingia mapema, kama kawaida ya Januari.

Kisha jikoni kitu kikalia ta! na hita ikaanza kuvuma.

Saa kumi na mbili. Kule Plymouth mstari ulikuwa unapanda. Janine angeutazama, aridhike, aweke simu chini. Kesho ungepanda mara mbili. Hapo ndipo Clifford alipoogopa kwa mara ya kwanza siku ile.

Kabati la mita lilikuwa karibu, urefu wa mtu mmoja tu. Akizima swichi kuu, mstari ungelala, na Janine angeuliza kwa nini. Na angeuliza pia, kama mtu alikuwa sakafuni tangu asubuhi, nani aliwasha hita jioni. Alilala pale akitafuta jibu ambalo lingemwacha na heshima yake. Hita ilizimika, naye bado alikuwa akitafuta. Miguu ilianza kufa ganzi.

Mwishowe alijivuta. Kila shubiri ilimtoa machozi. Mwavuli ulikuwa umeegemea mlango wa kabati. Akaufungua mlango, akaushika mwavuli kwa ncha, akanyoosha mpini wake juu, akakosa, akakosa tena, halafu swichi ikashuka. Hata friji ikanyamaza.

Asubuhi saa moja ilipita bila mvumo wowote. Baada ya muda simu ililia sebuleni mpaka ikachoka, ikalia tena. Kisha akamsikia Nasreen mlangoni, akiita kupitia tundu la barua.

"Mzee Clifford! Janine amenipigia! Usinifanyie hivyo, jamani! Sema kitu!"

Alisema, lakini hakusikika. Mume wa Nasreen alivunja kioo. Nasreen akapiga magoti, akamfunika kwa koti lake, akamwekea simu yake sikioni.

"Baba! Umeme umekatika? Nimeongeza Alhamisi, naapa! Ni mimi nimekosea? Umelala sakafuni usiku kucha kwa sababu yangu?"

Hilo ndilo jibu alilolitafuta jana, limekuja lenyewe. Angenyamaza tu, lingetosha.

"Sio wewe, mwanangu," alisema. "Nimezima mwenyewe. Nimeanguka tangu jana asubuhi."

"Jana asubuhi? Lakini jana jioni uliwasha hita. Nimeona."

"Nasreen," Clifford alisema, "nenda jikoni. Mwambie kuna nini ukutani."

Nasreen alikwenda akarudi, amekishika kile kiplagi, haelewi. "Ni plagi tu, Janine. Ina saa."

"Tangu lini?" Janine aliuliza.

"Tangu Novemba."

"Na ulikuwa wapi wewe, saa moja?"

"Kitandani. Na koti."

Alimsikia akipuliza vidole, au akilia, vilifanana.