Koti Liko Kwenye Usaili

Mama Pasi hakulipata jina hilo kwa mtoto. Alipewa na wenzake wa duka la udobi, kwa sababu ukimpa shati lililokunjamana vipi, analirudisha limenyooka utadhani halijawahi kuvaliwa na binadamu. Na mdomo wake nao, wacha! Ulinyooka vilevile. Alimsabahi kila mteja aliyeingia kwa sauti ya duka zima, "Kazini kukoje?" na hakuwa na habari kwamba salamu hiyo inaweza kumchoma mtu.

Nyuma ya duka, karibu na mashine, palikuwa na bomba refu la chuma. Hapo zilining'inia nguo zilizosahauliwa na wenyewe. Watu bwana! Mtu analeta koti la maana, anakuonya usilitie maji ya moto, halafu anapotea jumla. Zikipitisha mwaka, bosi aliwapa mafundi wa gereji wakafutie oili.

Mama Pasi alilizoea bomba hilo, mpaka siku shemeji yake, mdogo wa mumewe aliyekaa nao, alipokwenda kwenye usaili na shati lililochanika kwapani. Alikaa mbele ya wakubwa mkono wa kulia kaubana ubavuni, na walipotaka kuagana naye akawapa wa kushoto. Kazi ikamponyoka. Alisimulia mkasa huo mezani huku anacheka, na kaka yake akacheka mpaka akapaliwa. Mama Pasi hakucheka. Ilimuuma, maana kutwa nzima alikuwa amekaa na makoti yasiyo na mwenyewe.

Asubuhi alimkabili bosi kabla hata ya kuwasha pasi.

"Bosi, zile nguo zilizopitisha mwaka, niachie niwaazime watu wanaokwenda kwenye usaili. Nitazifua mwenyewe nikishamaliza kazi yako."

"Umekuwa serikali tangu lini?"

"Serikali ingekuwa inanyoosha nguo nisingekuja kwako."

Bosi alijikuna kidevu. "Usiguse muda wangu. Na siku mwenye nguo mmoja akija hapa kulalamika, unatoka wewe na bomba lako."

Mama Pasi akakubali. Haukuwa mchezo, maana mshahara ule ndio uliowaweka wanawe shuleni, na mumewe alikuwa mtu wa vibarua vya leo vipo kesho havipo. Lakini akishaamua, Mama Pasi hageuki.

Watu wakaanza kuja jioni, mmojammoja, wakinong'ona kama wamekuja kuiba. Dereva akapata suruali. Msichana aliyetaka kazi ya mapokezi akapata gauni la bluu. Mama Pasi aliwapimia, akawanyooshea, akawasukumia mlangoni kwa amri moja: "Kakae wima. Nguo nimeshainyoosha, umebaki wewe!"

Hatimaye shemeji naye akaitwa tena mahali. Akaondoka na koti la kijivu, lililolala kwenye bomba kupita mwaka, kwapa zake nzima kabisa. Na usiombe, asubuhi hiyohiyo mwanamume mmoja akaingia dukani, macho chini.

"Nimefuata koti langu. La kijivu, vifungo vyeusi. Najua nimekawia."

Mama Pasi aliweka pasi chini. Bosi, aliyekuwa kaunta, akamnong'oneza, "Mwambie liko kwenye maji, aje keshokutwa."

Alitamani, tusidanganyane. Lakini akidanganya leo, basi siku zote hizi alikuwa anaiba, na yeye hakuwa mwizi.

"Baba," alisema, "koti lako liko kwenye usaili."

"Liko wapi?"

Akamweleza yote. Mwanamume alisikiliza mpaka mwisho, kisha akawaka. "Koti langu! Mgongoni mwa mtu nisiyemjua! Nalihitaji leo, mnanisikia? Leo!"

Bosi hakutazama pembeni. "Mama Pasi, tulikubaliana. Vua aproni."

"Tulikubaliana, na nitaondoka. Lakini sitoki kabla koti halijarudi. Nikitoka sasa nani atalinyoosha? Wewe?"

Bosi aliitazama pasi, akarudi kwenye hesabu zake. Mwanamume akajitupa kwenye benchi, mikono kifuani. Mama Pasi akaendelea na mashati ya watu.

Jua lilikuwa limeshakuwa kali shemeji alipoingia mbio, meno yote nje. "Shemeji! Leo nimewapa mkono wa kulia!" Kisha akaziona nyuso za mle ndani, na mwenyewe akaanza kufungua vifungo.

Mama Pasi alisugua kola, akafuta mabega, akapitisha pasi taratibu hadi kwenye mikunjo ya bitana. Kama ndiyo kazi ya mwisho, basi iwe kazi.

"Haya baba, vaa."

Akavaa. Mabega ya koti yalishuka, na ubavuni ungeweza kuingiza mto. Mwanamume alijitazama kwenye kioo, hasira zote zikamwishia.

"Lilinikaa sawasawa," alisema polepole. "Wiki niliyolileta hapa ndiyo ofisi yetu ilifungwa. Kesho nimeitwa mahali."

Mama Pasi alikuwa ameshatia pini mdomoni. "Simama wima. Hapa tunalibana kidogo tu."

Bosi akakohoa. Alikuwa na neno lake la kulinda. "Samahani mzee, nipate kujua moja. Unalalamika au hulalamiki?"

"Nalalamika," alisema mwanamume.

Mkono wa Mama Pasi ulisimama.

"Kila siku napita mlango huu na siingii. Naona aibu, maana nitaulizwa kazini kukoje. Nimekwenda kwenye usaili mara mbili na sweta la mwanangu." Akaonyesha mlango kwa kidole. "Kumbe mnaazima watu makoti! Hata karatasi ya kutuambia hamkubandika mlangoni?"

Bosi alimtazama, akamtazama Mama Pasi, kisha akainama chini ya kaunta kutafuta karatasi na gundi.

Mama Pasi alitoa pini mdomoni. Alifuta macho kwa pindo la aproni, ambayo bado ilikuwa kiunoni mwake.

"Geuka, baba," alisema. "Bado upande wa kushoto."