Wifi kwa Wifi

Bhagbhari alikuwa akimpaka mwanawe Mithal samli kwenye malengelenge ya shavu, ndani ya ghala la pamba lililozibwa dirisha kwa matope, mumewe Lakhadino aliposimama mlangoni.

"Funga nguo zako. Kaka yako amemrudisha Sanjha."

Alielewa papo hapo. Sanjha, dada wa Lakhadino, aliolewa na Punhal, kaka wa Bhagbhari, siku ileile Bhagbhari alipoolewa na Lakhadino, binti kwa binti, bila mahari. Akirudishwa mmoja, na mwingine hurudi. Watoto hubaki kwa baba.

"Kosa langu nini?"

"Mtoto wao naye kaanza kuungua juani kama huyu. Punhal anasema damu yetu mbovu."

"Damu yetu si moja? Babu yetu si mmoja? Daktari alisema ugonjwa umetoka pande zote mbili. Mwili ukisaga chakula hutoa sumu kidogo, ileile wanayohifadhia maiti. Miili yetu hujitibu. Wa Mithal hauwezi, na jua ndilo linalommalizia."

"Sumu ya maiti kwa mtoto aliye hai!" Mama mkwe alicheka kutoka jikoni. "Kakonda kwa kufungiwa kama kuku anayeatamia."

"Mama, nakuomba. Nitaondoka, lakini mchana asitoke."

"Nimelea saba, mwanangu. Utanifundisha?"

Lakhadino alitazama chini. Alimpenda mkewe, kila mtu alijua, na haikusaidia kitu. "Nikikuacha hapa," alisema, "watu watasema dada yangu hana kaka."

Mkokoteni wa punda ulifika adhuhuri. Sanjha alishuka macho yamevimba, maziwa yamelowesha gauni lake. Wakakumbatiana.

"Wangu nimemwacha ananyonya," alisema Sanjha. "Mfunike, wifi. Hata uso."

"Na wangu..."

"Najua."

Bhagbhari alipanda, na mjomba wa Punhal, mwendesha mkokoteni, akamchapa punda. Sanjha alikaa chini vumbini, akajifunika uso kwa mtandio na kulia.

"Mithal!" mama mkwe aliita, akifungua mlango wa ghala. "Njoo umlaki shangazi yako!"

Mtoto alitoka kichwa wazi, miguu myembamba, akicheka kwa furaha ya kuitwa nje. Bhagbhari aligeuka mkokotenini. Alipiga kelele, akapunga mikono yote miwili: rudi ndani, rudi.

Mithal naye akampungia. Alisimama katikati ya uwanja, kwenye jua kali, akapunga na kupunga mpaka mkokoteni ukapinda kona.