Dawa Iliyoganda

Mimi si mjinga, hilo lieleweke kwanza. Muuguzi alisema mwenyewe, nami nimekaa palepale: "Dawa hii mpya inakaa muda mrefu. Ile ya zamani mwanao alichomwa kila baada ya siku mbili. Hii inakaa wiki nzima." Sasa kama inakaa wiki kwenye friji, si kwenye friza itakaa mwezi? Nikaitia humo, katikati ya nyama. Kumbe alimaanisha inakaa ndani ya damu ya mwanangu.

Kesho yake nikavaa miwani, nikasoma kisanduku: ISIGANDISHWE. Lo! Dawa ya kugandisha damu, nami nimeigandisha yenyewe. Nikairudisha kwenye friji chapuchapu, nikafunga mdomo. Mimi na mkwe wangu, mke wa mwanangu, haziivi. Nimpe la kunisimanga mwaka mzima? Nikajiambia nitasema Jumatatu, siku ya sindano.

Jumapili asubuhi mwanangu, fundi rangi, akaanguka kwenye ngazi akipaka dari ya sebule. Kichwa kikagonga ukingo wa meza. Halikutoka hata tone la damu, na hilo ndilo lililonitisha. Kwa mtu ambaye damu yake haigandi, inayovujia ndani ya kichwa ndiyo inayoua. Na dawa ya wiki iliyopita ilikuwa inamwishia mwilini.

"Kichwa kinaniuma kidogo," akasema. "Lakini msianze."

"Nyamaza wewe!" mkwe wangu akamkatiza, huku akimpigia dereva wa teksi. Amri ya hospitali sote tunaijua: choma kwanza, ndipo muondoke. Akaleta kisanduku, akachanganya unga na maji yake, akamfunga mpira mkononi. Dawa ilikuwa safi, inang'aa. Hata mimi ningeiamini.

Wangedhani amekingwa, kumbe hana kitu. Ningemuua mwanangu kwa kuona haya.

Sindano ikagusa ngozi.

"Usimchome!" nikapiga kelele. "Iliganda! Niliiweka kwenye friza mimi!"

Mkwe wangu akanitazama. Nilisubiri tusi, na nilistahili. Akaiweka sindano mezani. "Mwinue upande huo, Mama," akasema.

Njiani mkwe wangu alikaa mbele, akimhimiza dereva. Nilimpakata mwanangu kichwa, nikimuuliza mimi ni nani, asije akasinzia. Mara ya nne akajibu, "Mama, umejisahau?" Sikuweza kucheka.

Hospitalini walimchoma mlangoni, ndipo wakampiga picha ya kichwa. Damu ilikuwa imeanza kuvuja, kidogo, na sasa imesimama. Nusu saa zaidi, daktari akasema, tungezungumza mengine.

"Kwani ile ya nyumbani?" muuguzi akauliza.

Nikainamisha uso.

"Iliharibika," mkwe wangu akasema. "Mama akaniwahi."

Basi. Nikalia mbele za watu, kamasi na yote. Akanipa ncha ya khanga yake, akaninong'oneza sikioni:

"Jifute, Mama. Tutagombana nyumbani."