Kielelezo Kilichokula Chapati

Usiku wa jana niliota mfuniko wa sufuria ukigonga jikoni, tik, tik, tik, kabla kuku wa jirani hawajaamka. Nikauliza, "Nani?"

"Mama Mwakio, ni mimi," mfuniko ukajibu. "Vaa ndala zako twende. Polisi wamekubali mama mzazi akautazame mkahawa."

Nikavaa ndala. Sikushangaa mfuniko kusema. Tangu bomu lilipuke katika mkahawa wa Karibu Ndugu, kule Mombasa, watu wengi waliokuwa na maneno wamenyamaza, kwa hiyo nilishukuru kupata wa kuongea naye.

Niwaeleze kidogo, maana ndoto yenyewe haikueleza. Mwanangu Mwakio alikuwa mpishi wa chapati hapo. Asubuhi ile alitoka kwa mlango wa nyuma, na mara bomu likalipuka. Wenzake wengine bado wako hospitali. Yeye hakupata hata mkwaruzo. Polisi wakamwuliza alitoka kwenda wapi. Akasema alikwenda kutoa chapati ya kwanza. Kumpa nani? Mama mmoja wa uchochoroni, jina lake halijui. Mama huyo akatafutwa, hakuonekana. Basi Mwakio akawekwa ndani.

Chapati ya kwanza kwetu haiuzwi. Ndiyo inayopima moto wa chuma, inatoka na mabaka mabaka, na hupewa mtu aliye nje ya mlango. Mwakio alijifunza hivyo jikoni mwangu, tangu akiwa hajafikia meza.

Anayeshughulikia kesi ni Inspekta Ekiru. Si mtu mbaya. Nilipokwenda kituoni kumwona Mwakio alinipisha kiti chake mwenyewe, akasimama. Lakini aliniambia, "Mama, bila aliyeipokea hiyo chapati, sina la kufanya."

Basi nafungua mlango wa jikoni, na nje si shamba langu la mahindi. Ni Mombasa, ni mchana, jua limekaza. Inspekta Ekiru amesimama penye utepe wa njano.

"Karibu, mama. Sheria ni moja tu: usiguse chochote kwenye eneo la tukio."

Naye hagusi. Viatu vyake vimeinuka juu ya sakafu, kama unene wa mkate hivi. Askari wake wote wanaelea. Mmoja amelala hewani, kofia yake juu ya tumbo.

"Na mimi na magoti haya?"

"Inua tu miguu, mama."

Nainua wa kulia. Nainua wa kushoto. Nabaki juu. Magoti yangu yananishukuru, kila moja kwa sauti yake. Namwambia Inspekta ahsante.

"Ni utaratibu tu," anasema.

Mkahawa hauna paa tena. Vyombo vimepanga foleni kuandikisha maelezo, kila kimoja kimechorewa mstari wa chaki pembeni na kupewa kadi ya namba. Birika lililobonyea liko mbele.

"Nilimwaga chai ya wateja," linasema. "Naomba radhi."

"Si kosa lako," askari analiambia, na analipangusa masizi kwa leso yake. "Aliyeacha mfuko wenye bomu umemwona?"

"Nimemwona. Hakuagiza chai."

"Mimi alinikalia," kiti chenye mguu mmoja kinadakia. "Hata kutulia hakutulia. Nikajua huyu hakuja kula."

"Huyo yuko kwenye picha za kamera," Inspekta ananinong'oneza. "Upelelezi unaendelea."

Ananionyesha barabarani. Ni kweli, Upelelezi unaendelea. Ni punda mwembamba, anatembea tu bila kusimama, na askari wawili wanamkimbilia nyuma na ndoo ya maji.

"Hapumziki?"

"Hapumziki, mama. Kumnywesha ndiyo kazi."

Nasogea hadi kwa chuma cha kupikia chapati. Kimepinda, lakini nakijua, nilikinunua mimi.

"Mwanangu," nakiambia, "asubuhi ile Mwakio alitoa chapati ya kwanza?"

"Alitoa. Ilikuwa na mabaka hiyo! Akapuliza vidole, akaikunja mara mbili ndani ya gazeti. Wale wengine wakamtania, wanasema, 'Mwakio, huyo bibi utamwoa lini?' Akawajibu, 'Hana meno, jamani. Ikipoa itamshinda.' Akatoka mbio."

Macho yangu yakalowa. Namtazama Inspekta. "Umesikia?"

"Nimesikia. Lakini maelezo ya chuma hayatoshi. Sheria inamtaka aliyekula."

Basi tunapita mlango wa nyuma, na mlango wa nyuma unaingia mahakamani. Katikati ya mahakama umepita uchochoro wenye mtaro wa maji machafu. Hakimu anauruka mtaro huku ameshika joho lake, anasema, "Endeleeni, endeleeni." Kando ya ukuta kuna ndoo, gunia la mkaa na mama mmoja mzee, kila kimoja ndani ya mstari wake wa chaki. Kadi ya namba ya mama huyo iko juu ya goti lake.

"Inspekta, hiki ni nini?"

"Kielelezo. Kilikutwa kimekaa. Tulikiuliza jina, hakikujibu."

"Huyu ni mtu."

"Hakusogea, mama. Kisichosogea kinapewa namba."

Hapo nikashusha miguu chini. Askari wote wakasema, "Lo!" Nikavuka mstari wa chaki, nikakaa chini kando ya yule mama, bega kwa bega. Alikuwa na vumbi masikioni. Nikamsalimu, hakugeuka. Ndipo nikaelewa kwamba bomu limeondoka na masikio yake, na kwamba amekuwa akiulizwa jina siku zote hizi na watu wanaochezesha midomo tu.

Sikusema neno. Nikapuliza vidole. Nikakunja mikono mara mbili, kama ninakunja chapati. Nikamnyooshea.

Akacheka, ufizi mtupu. Naye akapuliza vidole.

"Mpishi!" akasema kwa sauti kubwa ya mtu asiyesikia. "Yuko wapi kijana wangu? Jamani, mimi nilidhani amekufa! Dada, mwambie Mbodze yupo. Nilikimbia kishindo, sasa nalala nyuma ya duka la magodoro, pale kwenye soko la viazi."

Kadi ikaanguka gotini. Inspekta Ekiru akavua kofia, na viatu vyake vikagusa ardhi.

Kisha akachutama, akazichorea ndala zangu mstari wa chaki. "Samahani, mama. Umegusa."

"Ni utaratibu tu," nikamwambia.

Nikaamka. Nyumba kimya. Nikateremsha miguu kutafuta ndala, nazo zilikuwa kando ya kitanda, zimezungushiwa mstari mweupe juu ya saruji, safi kabisa, hadi pale kisigino kilipoliwa. Humu ndani hakuna mtu mwenye chaki.

Kulipopambazuka nikampigia simu Inspekta. Nikamtajia duka la magodoro na soko la viazi. "Hasikii," nikamwambia. "Usimwulize kwa mdomo. Puliza vidole, kisha kunja hivi." Hakunicheka. Akasema, "Nitakwenda mwenyewe, mama."

Nilikuwa nimeshakanda unga, na chuma kimeshika moto, aliponipigia.

"Mama Mwakio, tumempata. Nimepuliza vidole, akacheka, akasema yote. Jina lake Mbodze. Mwakio anavaa viatu vyake sasa hivi."

Nikakaa kwenye kigoda. Nikasema ahsante, nikarudia ahsante.

"Lakini mama, kuna jambo silielewi. Anamwulizia dada mmoja mwenye magoti mabaya, aliyekaa naye chini jana. Anasema arudi tena."