Waya wa Diski

Cephas hakuwa mtu wa kutupa waya. Ukitupa waya leo, husema, kesho utauhitaji na wenye maduka watakukamua. Ndiyo maana Jumatano hiyo mchana, katika kibanda cha kinamama wa soko la Kosele, alikuwa amekaa sakafuni na gunia la nyaya kuukuu kando yake, akiwaundia kompyuta.

Kesho yake mheshimiwa alikuwa anakuja kuzindua, kwa mara ya tatu, choo cha soko ambacho hakuna mtu aliyewahi kukiona. Kinamama walikuwa wamerekodi ahadi zake zote tangu 2018, na zote zilikaa ndani ya diski moja. Nakala haikuwapo. Cephas mwenyewe ndiye aliyewaambia diski nzuri haihitaji nakala.

Shemeji yake, Damaris, fundi wa sola, alikuwa kwenye kiti cha plastiki, mita yake ya kupimia umeme mapajani. Huko kwao shemeji anaruhusiwa kumtania shemeji, na Damaris hakuwahi kuiacha ruhusa hiyo ilale bure.

Cephas alichomeka waya mpana wa pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa umeme, kwenye bodi kubwa ya kompyuta, akawasha. Feni zikazunguka, skrini ikabaki nyeusi. Damaris akauliza kwa upole kama wanaunda kompyuta au pangaboi. Cephas akazima, akachungulia, akakuta amesahau waya wa prosesa, ule wa pembeni juu. Alipouchomeka na kuwasha tena, picha ikaja.

Ikabaki diski. Waya wake uliokuja na pawa saplai mpya ulikuwa mfupi, haukufika. Cephas akazima, akapekua gunia, akatoa mrefu wa pawa saplai ya zamani. Ukaingia kwenye pawa saplai mpya bila hata kusukumwa.

"Umeona? Ukiingia, ni wake."

"Kama chaja ya redio ya Benta," Damaris akasema.

Mwaka wa 2016 Cephas alichukua chaja ya mashine ya kunyolea, ikaingia sawasawa kwenye redio ya Benta, mmoja wa kinamama hao, na redio ikafuka moshi katikati ya matangazo ya vifo. Alidhani soko limesahau.

"Nipime kwanza, shemeji. Hiyo diski haina pacha."

Cephas alitaka kukataa. Akawafikiria kinamama wakisimama kesho mikono mitupu mbele ya mheshimiwa, akawasha mashine na kumpa waya. Damaris akagusisha ncha za mita.

"Hapa panatakiwa volti tano. Soma mwenyewe."

Cephas akasoma kumi na mbili. Hizo zingeikaanga diski kabla hajaondoa kidole kwenye swichi. Damaris akamweleza kwamba kila mwenye kiwanda hupanga nyaya upande wa pawa saplai apendavyo, na umbo la mdomo wa waya halisemi kitu.

Cephas akazima, akarudisha ule waya mfupi, akaisogeza diski hadi ulipofika na kuifunga kwa kipande cha blada ya tairi. Damaris akawasha, akapima tena, akasoma tano, akazima na kutikisa kichwa kukubali. Diski ikaunganishwa, mashine ikawashwa, na sauti nene ya mheshimiwa ikajaa kibandani: kabla ya Desemba, kinamama wangu, mtakuwa na choo.

Cephas hakungoja imalize. Akavaa kofia, akasema anaenda Oyugis kutafuta diski ya pili, na hadi arudi mtu yeyote asiiguse mashine.

"Na wewe ukirudi?"

"Hata mimi," akasema Cephas, "mpaka uwe umepima."