Siku Arobaini za Baridi

Saa mbili kasoro robo Bi Baridi alifungua chumba cha baridi cha kituo cha utafiti wa mimea, akavaa sweta mbili, akaanza kumwagilia miche kwa kikombe. Kazi yake haina maajabu. Ndani ya kila mche maelezo ya kutengeneza ua yamo, kamili, hayajapungua hata nukta. Ila yamekaliwa na protini moja, mzuizi, na kilichokaliwa hakisomeki. Mche ukikaa kwenye baridi siku arobaini mfululizo, mzuizi huinuka akaenda zake, na ua likatoka. Wakubwa wameandika makala tele kuhusu jambo hilo. Mafua aliyapata Bi Baridi.

Miaka kumi na miwili iliyopita aliomba ruhusa ya kwenda kusoma. Sasa zilibaki siku hamsini atimize umri ambao chuo hakipokei tena mtu, basi akaenda masijala kuuliza.

"Faili lako lipo, shangazi," karani akamwambia. "Ila limekaliwa."

Kwenye rafu ya tatu mzuizi mmoja, mkubwa kama kuku anayeatamia, alikuwa amelikalia faili, mikono magotini, mpole kabisa. Bi Baridi alimtambua. Wenzake wa kwenye miche alishawatoa kwa maelfu.

"Nani kakuweka hapa?"

"Sikujiweka, mama. Niliitwa." Akampa kikaratasi. Mwandiko ulikuwa wa Mkuu wa kituo: Huyu akiondoka, nani ataingia kwenye baridi?

Bi Baridi akamrudishia kikaratasi. Akalibeba faili na mkaaji wake, karani akamshikia mlango, naye akaliweka katikati ya miche kwenye chumba cha baridi.

Siku ya thelathini na moja mzuizi alikuwa ameshanyanyua tako moja. Siku hiyohiyo Mkuu akaleta wageni, akauacha mlango wazi asubuhi nzima akiwaeleza mafanikio yake. Wageni walipiga picha. Joto likaingia, mzuizi akakaa tena sawasawa, akaomba radhi. Baridi ikikatika, hesabu huanza moja.

Mzuizi aliinuka siku ya sabini na moja, akakunja kikaratasi chake, akaaga. Mkuu alilisoma faili kwa mara ya kwanza, ukurasa kwa ukurasa, na machozi yakamlenga, kweli kabisa.

"Kumbe una akili hivi, mama," akasema, akasaini palepale.

Chuo kilijibu kwa adabu kwamba umri umepita. Bi Baridi alilia siku mbili, ya tatu akaenda kumwagilia.

Mwezi uliofuata binti yake wa pekee akaajiriwa katika chumba hichohicho. Alipanga kufanya kazi mwaka mmoja tu, kisha aende kusoma. Karani alipomfungulia faili, likiwa bado na karatasi moja, mzuizi mdogo kama kifaranga alikuwa tayari ameshakaa juu yake. Bi Baridi, aliyemsindikiza, alimtambua. Baridi humwondoa mzuizi kwenye mche, lakini kila mbegu huanza naye upya.

"Tumtoe mapema basi, mama," binti akasema. "Siku arobaini si nyingi."

"Wiki ijayo Mkuu ana wageni."

"Na baada ya hapo?"

"Ana wengine."

Akavua sweta moja, akamvalisha binti yake, akamfunga vifungo mpaka shingoni.